Mgeni wako anatoka Nigeria, anahamia Aberdeen: uanzie wapi

Nimezaliwa Tanga, nimeolewa na Myoruba wa Abeokuta, Nigeria, na tangu 2012 tunaishi Aberdeen, kaskazini mashariki mwa Uskoti. Mume wangu alitangulia kuja kusoma uhandisi wa mafuta, kama Wanigeria wengi kabla yake, maana huu ni mji wa mafuta ya Bahari ya Kaskazini na njia ya kutoka Port Harcourt, mji wa mafuta wa Nigeria, hadi hapa imekanyagwa miaka mingi. Kila Septemba na kila Januari, vyuo vinapofungua, simu yetu inaita. Ni mdogo wake, ni mtoto wa shangazi yake, ni kijana wa kanisani kwa mama mkwe. Chumba chetu kidogo cha nyuma kimeshalaza watu kumi na mmoja. Ukweni hawaniiti kwa jina, wananiita iyawo wa, yaani mke wetu, na mke wa ukoo ndiye anayepokea wageni.

Nawaandikia wenzangu mliooa au kuolewa Nigeria, na nyinyi mnaoishi na Wanigeria nyumba moja au bweni moja la chuo. Mnaniuliza: shemeji anakuja, nimsaidieje? Watu wengi huanza na koti. Koti litapatikana siku ya pili kwenye maduka ya hisani, ambayo ni mitumba safi kabisa, kwa bei ndogo. Mimi nasema anza na vitu viwili: laini yake ya simu ya Nigeria kabla hajapanda ndege, na anwani yake ya hapa siku anayofika. Hivyo viwili vikikaa sawa, mengine yanafuatana. Vikiharibika, mtazunguka miezi.

Kabla hajatoka Lagos

Wanigeria wana neno lao la kuhama, japa, la Kiyoruba, lenye maana ya kutoroka, kutoka mbio. Na kweli watu wanatoka mbio. Wanauza gari, wanagawa sufuria, wanaaga, na laini ya simu inabaki kwenye droo.

Wifi yangu alikuja Januari 2023 kusoma shahada ya uzamili, na watoto wawili, wa miaka saba na minne. Laini yake aliiacha Ibadan. Lakini kule kila akaunti ya benki imefungwa kwenye BVN, namba ya utambulisho ya kibenki yenye tarakimu kumi na moja, na BVN imefungwa kwenye namba ya simu. Ukitaka kuhamisha pesa benki inatuma namba ya siri ya muda kwa meseji. Pesa yake ya kodi ya nyumba ilikuwa kwenye akaunti ya naira na hakuna aliyeweza kuigusa. Tukaomba laini ipelekwe kwa mama mkwe Abeokuta, aitie kwenye simu yake ya batani, na kila namba ikija tunampigia atusomee. Mama hawezi kupokea simu bila kusalimia. Anauliza baridi, anauliza watoto wamekula nini, anaomba dua, kisha anavaa miwani na kusoma kwa Kiyoruba, taratibu: eeta, ookan, eeje… Akifika tarakimu ya mwisho muda umekwisha, na tunaanza upya. Tulihangaika hivyo wiki nzima.

Kwa hiyo mwambie mgeni wako aje na laini yake, aifungulie rominga kabla ya kutoka, na aithibitishe kwa meseji akiwa bado uwanja wa ndege wa Lagos. Akifika aiweke kwenye simu ya akiba na kuiongezea salio mara kwa mara, aitumie kweli. Laini isiyotumika miezi sita inaweza kufungwa, na ikiendelea kulala mtandao unaruhusiwa kuiuza kwa mtu mwingine. Yule mwingine ndiye atakayepokea namba za siri za benki. Tangu 2025 Benki Kuu ya Nigeria imeweka njia ya kusajili BVN ukiwa nje ya nchi, jambo lililowaokoa wengi, ila kutunza laini ni rahisi kuliko kuitafuta.

Jambo la pili ni majina. Kule mtu anaweza kuwa na jina la nyumbani, la ubatizo na la ukoo, na mpangilio ukawa mmoja kwenye pasi, mwingine kwenye cheti cha WAEC, yaani cha mtihani wa sekondari, mwingine kwenye shahada. Hapa kompyuta haijui kuwa ni mtu yuleyule. Kaeni chini mlinganishe NIN (namba ya utambulisho wa taifa), pasi, cheti cha shahada, cheti cha NYSC (utumishi wa taifa wa wahitimu) na cheti cha kuzaliwa, herufi kwa herufi. Kosa likionekana, lirekebishwe kule kule. Kurekebisha ukiwa Aberdeen ni kazi ya miezi.

Pesa ya karo ibadilishwe mapema. Hili nalisema kwa uchungu. Juni 2023 serikali iliiachia naira ipangwe na soko. Dola iliyokuwa takriban naira 460 kwa bei rasmi ikapita 700 katika siku chache, na mwanzoni mwa 2024 ikapita 1,400. Wifi alikuwa amebakiza awamu ya mwisho ya karo, na mume wake alikuwa akiikusanya kwa naira, mwezi kwa mwezi. Kila akikusanya, pauni inasogea mbele. Tulichangishana. Kama familia ina karo yote, inunue pauni leo. Na kama mgeni wako amekwama, mshike mkono mpeleke ofisi ya fedha ya chuo kabla ya tarehe ya mwisho. Chuo kikimfuta masomo kinalazimika kuiarifu Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza, na viza inakatizwa. Kabla ya tarehe wanaweza kukupangia malipo. Baada ya tarehe hata anayekuhurumia hana la kufanya.

Kwenye begi, aje na kadi za chanjo za watoto, majibu ya kipimo cha jenotaipu (kipimo cha damu cha selimundu), na barua ya daktari kwa mwenye dawa za kudumu. Nyama asibebe. Kilishi, ponmo, suya kavu, vyote vinatupwa uwanja wa ndege, na maziwa vilevile. Garri ya muhogo, mbegu za egusi na viungo vya pilipili vinapatikana kwenye maduka ya Kiafrika hapa mjini, na okporoko, yule samaki mkavu wa supu ya Waigbo, kwa asili yake anatoka Norway, ng'ambo ya bahari hii hii tunayoitazama kila siku.

Anwani ndiyo mama

Mwenye nyumba anataka taarifa ya benki. Benki inataka uthibitisho wa anwani. Mwajiri anataka akaunti ya benki. Mgeni anazunguka hapo hadi kichwa kinauma, na kila ofisi inamjibu kwa upole kwamba arudi akiwa na karatasi ya ofisi nyingine.

Mduara huo unakatwa na barua moja yenye jina lake na anwani ya hapa. Kwa mwanafunzi, barua hiyo inatolewa na chuo: siku ya usajili aombe barua ya kufungulia akaunti ya benki, na ahakikishe anwani anayoishi ndiyo iliyoandikwa, si ya Nigeria. Wengi wanasahau kubadilisha anwani kwenye mfumo wa chuo, kisha barua inatoka na anwani ya Surulere na benki inaikataa. Njia nyingine ni benki za kwenye simu kama Monzo, ambazo mara nyingi hufungua akaunti kwa pasi na anwani ya Uingereza, na kadi inakuja kwa posta.

Inakuja kwa posta, ndiyo, ila ikifika mlangoni iingie. Nyumba nyingi za zamani za Aberdeen ni maghorofa ya mawe ya granite, ngazi moja inahudumia familia sita au nane, na tarishi anaangalia jina mlangoni. Jina lisipokuwepo barua inaweza kurudi ilikotoka. Siku mgeni anapofika, kabla hata hajaoga, nakata kipande cha karatasi, naandika jina lake la ukoo kwa herufi kubwa kwa kalamu nene, nakibandika chini ya jina letu kwa gundi ya karatasi, na juu yake narudishia gundi nyingine kwa sababu ya unyevu. Mume wangu anasema mlango wetu umekuwa kama ubao wa matokeo. Lakini hakuna kadi ya mgeni wangu iliyopotea tangu nianze kufanya hivyo.

Angalizo kwa mwenyeji: kama unaishi peke yako na unapata punguzo la asilimia 25 la kodi ya halmashauri, mtu mzima asiye mwanafunzi akihamia kwako unalipoteza, na unatakiwa kuwaarifu. Na kama umepanga, mwambie mwenye nyumba wako kwanza.

Zamani tulikwenda posta kuchukua kadi ya plastiki ya ukaazi. Siku hizi hakuna kadi. Ruhusa ya kuishi iko kwenye akaunti ya mtandaoni ya uhamiaji, na mgeni akitaka kuajiriwa anatoa humo msimbo wa muda, unaodumu siku 90, anaompa mwajiri aangalie mwenyewe. Mwambie aingie kwenye akaunti hiyo wiki ya kwanza, asome jina, tarehe na masharti yake, na aripoti kosa mapema. Na akibadilisha pasi aiunganishe mpya, maana kwenye ndege ndiyo inayosomwa.

Kutafuta chumba

Kijana mmoja kutoka Ogbomoso alitumiwa picha za chumba kwa WhatsApp akiwa bado nyumbani. Dirisha kubwa, meza ya kusomea, umbali wa kutembea hadi chuoni. Alilipa pauni 600 za kushikilia nafasi. Tulipokwenda naye kwenye anwani ile, alitufungulia mama mzee wa Kiskoti ambaye hajawahi kupangisha mtu. Alituonea huruma, akatupa chai. Pesa haikurudi.

Uskoti kila mwenye nyumba binafsi lazima awe amesajiliwa, na tangazo la nyumba linatakiwa kuwa na namba ya usajili. Daftari liko wazi mtandaoni, unatafuta kwa anwani, dakika mbili. Mfanyie mgeni wako kazi hiyo akiwa bado Nigeria, kisha nenda ukaione nyumba kwa macho yako. Wewe ndiye macho yake. Amana haipaswi kuzidi kodi ya miezi miwili, na mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko maalumu wa kulinda amana ndani ya siku 30 za kazi. Mfuko wenyewe utamwandikia mpangaji. Wakala akidai ada ya fomu au ya kukagua mpangaji, mjibu kwa adabu kwamba hapa hairuhusiwi. Sharti gumu kwa mgeni ni mdhamini anayeishi Uingereza. Kabla ya kukubali kumdhamini mtu, soma mkataba: akishindwa kulipa, unalipa wewe. Mimi nimewadhamini wawili, na wote niliwafahamu tangu harusi yangu.

Ukishahamia, fungueni bahasha. Zote, hasa za kahawia. Mtoto wa shangazi yake mume wangu alikuwa akizipanga juu ya friji kwa utaratibu mzuri, hajafungua hata moja, akiamini mwanafunzi halipi kodi ya halmashauri. Ni kweli halipi, kama anasoma muda wote na wenzake wa nyumbani ni wanafunzi. Ila msamaha haujileti, lazima uombwe. Bili ikaja, kumbusho likaja, kisha ikaja hati ya deni yenye nyongeza ya asilimia 10. Ilitubidi kupiga simu, kutuma barua ya chuo, kueleza. Ilifutwa, lakini usingizi wake wa mwezi ule haukurudi.

Daktari

Jisajilini kliniki ya mtaa wiki ya kwanza, mkiwa wazima. Huhitaji kitambulisho wala uthibitisho wa anwani kujisajili, ingawa kuwa navyo kunarahisisha. Baadaye mtu anapata namba ya afya ya tarakimu kumi, na sita za mwanzo ni tarehe yake ya kuzaliwa. Dawa za kuandikiwa na daktari hazilipiwi Uskoti. Kwa ushauri usio wa dharura unapiga 111, kwa dharura 999.

Haya mawili myashike kama mlivyoshika majina ya watoto wenu. La kwanza ni selimundu. Mnigeria karibu yeyote atakwambia jenotaipu yake, AA, AS au SS, kwa sababu kule wachumba huulizana kabla ya kuvalishana pete. Hapa daktari anaweza asiulize. Mwenye SS, yaani mwenye ugonjwa wenyewe, aseme siku ya kwanza, apeleke barua, aombe kuunganishwa na madaktari wa damu kabla baridi ya Novemba haijafika, kwa sababu baridi huamsha maumivu. Tulikuwa na dada mmoja aliyenyamaza kwa kuona haya. Shambulio la kwanza la maumivu lilimkuta saa nane usiku, Januari, na hakuna karatasi yoyote hospitali iliyosema ana nini.

La pili ni malaria. Akitoka likizo Lagos, na wiki kadhaa baadaye akashikwa na homa, watu wote watasema ni mafua. Aseme kwa sauti mapokezi: nimetoka Nigeria, nipimeni malaria leo.

Yaliyobaki ni mepesi. Antibiotiki hazinunuliwi dukani bila cheti, asizunguke kuzitafuta. Na vitamini D ameze, mikrogramu 10 kwa siku. Ngozi yetu inahitaji jua ambalo huku halipo. Kwa wenye ngozi nyeusi ushauri ni mwaka mzima.

Watoto

Shule ya serikali haina ada na viza haimzuii mtoto kusoma. Wifi aliona kwenye viza yake maneno kwamba hana haki ya fedha za umma, akadhani chekechea haimhusu binti yake. Inamhusu. Mtoto wa miaka mitatu na minne anapata saa 1,140 kwa mwaka bila malipo, na darasa la kwanza hadi la tano wanakula chakula cha mchana bure shuleni. Mtoto wa miaka 5 hadi kijana wa 21 anaombewa kadi ya kupanda basi bure Uskoti nzima. Wanafunzi wa chuo walio chini ya 22 nao wamo, na wengi hawajui.

Darasa linapangwa kwa umri. Mtoto wa wifi kule alikuwa amerushwa darasa, hapa akarudishwa kwa wenzake wa miaka saba, na mama yake alilia jikoni kwangu. Nilimwambia angoje hadi Pasaka. Kufikia Pasaka kijana alikuwa na marafiki, na hesabu alikuwa anawasaidia wengine.

Lakini kilichonifundisha zaidi ni kikao cha kwanza na mwalimu. Nilikwenda na wifi. Mwalimu, binti mpole, alifungua daftari akasema ana wasiwasi kidogo na Ayomide: akizungumza naye anatazama chini, hamtazami machoni, labda ana tatizo la kuwasiliana, labda apimwe. Wifi akaniangalia. Nikamweleza mwalimu kwamba kwa Wayoruba mtoto anayemkazia macho mkubwa amekosa adabu, na kwetu Tanga ni vivyo hivyo. Kijana huyu anapotazama chini anakuheshimu. Na asubuhi akiinama kidogo mbele yako, hajaangusha kitu, anakusalimia. Mwalimu aliweka kalamu chini, akanyamaza, kisha akaniomba nirudie polepole aandike. Akauliza na jina linatamkwaje, maana darasani walikuwa wamelikata kipande. Wifi akalitamka lote, akaeleza maana yake: furaha yangu imefika. Tangu siku ile analiita lote.

Siku hizi simsubirishi mgeni hadi kikao. Wiki ya kwanza tunaandika barua ya ukurasa mmoja kwa mwalimu: jina na namna ya kulitamka, lugha za nyumbani, asichokula mtoto, anavyosalimia, kwa nini anatazama chini, kwa nini hapokei kitu kwa mkono wa kushoto. Fanyeni hivyo, inaokoa mengi.

Na hili lazima msemezane waziwazi, mkiwa mmekaa, si kwa mzaha: tangu 7 Novemba 2020 kumchapa mtoto ni kosa la jinai Uskoti, hata kama ni mzazi wake, hata kama ni kofi moja. Mtoto akisimulia shuleni, mwalimu ana wajibu wa kuripoti na ustawi wa jamii watakuja. Wengi wa wageni wangu wamelelewa kwa fimbo na wanaiona ni mapenzi. Siwahukumu, nami nimelelewa hivyo. Ninawaambia sheria, kisha ninawaonyesha mimi nafanyaje na wa kwangu. Na mtoto asiachwe peke yake usiku mama akienda zamu. Nalijua jaribu hilo: zamu imepatikana, mlezi hakuna, watoto wamelala, nini kitatokea? Nipigieni mimi. Pigieni jirani, pigieni watu wa kanisani au msikitini. Zamu itakuja nyingine.

Joto, unyevu na pilipili

Baadhi ya mita za umeme na gesi za nyumba za kupanga ni za kulipia kabla, kama LUKU yetu, unajaza dukani kwa kadi au ufunguo. Mgeni anaogopa bili, anazima joto kabisa, anafunga madirisha yote, anaanika nguo chumbani na kupika mboga ya ewedu bila kufungua kitu. Mvuke hauna pa kwenda, unakaa kwenye ukuta wa mawe wenye baridi. Wifi alihamia chumba chake Februari. Aprili alivuta sanduku lililokuwa nyuma ya kabati kutafuta aso oke ya harusi yake, kitambaa kizito cha rangi ya zambarau alichofumiwa Iseyin. Mkunjo wa juu ulikuwa na madoa ya kijani yenye manyoya. Tuliukuna kwa brashi, tukauanika kwangu, madoa yakabaki kama kivuli.

Joto liwe dogo lakini la kila siku, saa chache asubuhi na jioni, kuliko kuzima wiki nzima na kuwasha kwa hasira. Dirisha lifunguliwe robo saa asubuhi hata kukiwa na baridi. Sufuria lifunikwe. Kabati lisogezwe mbali na ukuta wa nje kwa upana wa kiganja, na sanduku lisigusane na ukuta. Maji yanayotiririka kiooni yafutwe kila asubuhi. Kuvu likizidi, piga picha zenye tarehe na umwandikie mwenye nyumba.

Kuhusu pilipili: tangu Februari 2022 kila nyumba Uskoti inatakiwa kuwa na ving'ora vya moto vilivyounganishwa, kimoja kikilia vyote vinalia. Mchuzi wa Kiyoruba unaanza kwa kukaanga ata, pilipili na nyanya zilizosagwa, kwenye mafuta ya moto, na moshi wake unakohoza hata mimi niliyeuzoea. Fungeni mlango wa jikoni, fungueni dirisha, washeni feni ya kuvuta hewa kabla mafuta hayajapata moto. Msifunike king'ora kwa mfuko wa plastiki. Nimeshakuta hivyo mara mbili, nyumba zenye watoto, na niliutoa mfuko mwenyewe bila kuomba ruhusa.

Kazi

Mwanafunzi wa shahada anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na wiki inahesabiwa Jumatatu hadi Jumapili. Saa za wiki hii huzifidii wiki ijayo. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba viza ya masomo hairuhusu kujiajiri. Dada anayesuka rasta nyumbani kwa malipo, kaka anayepeleka vyakula kwa baiskeli kwa jina lake, mama anayepika sinia za wali wa jollof kwa oda za sherehe, wote wamevunja masharti, hata kama ni pauni 30. Wanawake wa Nigeria wana mikono ya dhahabu na biashara iko damuni mwao, kuwaambia waache kunaniuma. Lakini nawaambia, kwa sababu kinachopotea ni viza.

Namba ya National Insurance, yaani bima ya taifa ya mfanyakazi, inaombwa mtandaoni, haiuzwi, na unaweza kuanza kazi ukiwa bado unaingoja mradi haki yako ya kufanya kazi imethibitishwa. Na ndugu walio Nigeria waambieni: tangu 22 Julai 2025 njia ya kuajiri watunza wazee kutoka nje ya Uingereza imefungwa. Anayemuuzia mtu aliye Lagos leo karatasi ya ufadhili wa kazi hiyo anamwibia. Familia zimeuza viwanja kwa ajili ya karatasi hizo.

Leseni ya udereva ya Nigeria inafaa kwa miezi 12 tangu mtu ahamie. Baada ya hapo ni mtihani wa maandishi na wa barabarani kama mwanafunzi mpya, kwa hiyo aombe leseni ya muda mapema.

Desemba

Mwishoni mwa Desemba jua linachomoza saa tatu kasorobo asubuhi na kuzama saa tisa unusu alasiri. Mgeni wa Septemba anakutana na giza hilo kama msiba. Utamwona haji tena Jumapili, hapokei simu, anasema tu "niko sawa, Aunty". Ukiuliza "unaendeleaje" atakujibu Mungu ni mwema, kwa sababu ndivyo alivyofunzwa kujibu. Ulizeni swali lenye umbo: umekula nini leo? Kodi ya mwezi huu imetoka? Umeongea na mama lini? Mimi hubeba sufuria la wali wa nazi, nikagonga mlango bila kupiga simu kwanza, tukala nikiangalia friji ina nini.

Na mkishakula, mwulizeni pasi yake inaisha lini. Ofisi ya ubalozi wa Nigeria iko London, Northumberland Avenue, na kutoka Aberdeen ni treni ya saa saba na zaidi; wengi huenda wenyewe kutoa alama za vidole, na NIN lazima ilingane na jina la pasi. Anzeni ikiwa imebaki mwaka mmoja. Ya wifi inaisha Machi mwakani. Fomu ameshajaza, na tumeshaongea na binamu wa Peckham, London, atulaze usiku mmoja.